Kortisoli si mchawi: jinsi ubongo unavyoisikia homoni ya msongo

Kortisoli imeharibiwa jina. Peruzi simu dakika kumi tu, utakutana na anayeuza unga wa kuishusha, anayeonyesha mashavu yaliyovimba na kuisingizia, na anayeapa kwamba chai ya majani fulani huiondoa mwilini kabisa. Huyo wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi, maana ikiondoka kabisa unakufa. Wagonjwa wa Addison, ambao tezi zao zimeshindwa kuitengeneza, walikuwa wakifa mpaka zilipopatikana dawa za kuziba pengo lake.

Wote watatu wanauliza swali moja: unayo kiasi gani? Ni swali halali, lakini silo lililosukuma mbele utafiti wa msongo na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, kwa zaidi ya nusu karne. Lililofungua njia ni jingine: ndani ya ubongo, nani anaisikia? Aliyelipatia jibu la kwanza, tena jibu ambalo halikutarajiwa, alikuwa kijana wa miaka thelathini jijini New York, aitwaye Bruce McEwen.

McEwen hakuanza na mambo ya hisia. Shahada yake ya udaktari, aliyoipata mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, ilihusu kiini cha seli na namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Baadaye akahamia kwenye maabara ya Neal Miller, mwanasaikolojia, akaenda na mazoea yake ya kikemia. Wakati huo ilikwisha fahamika kwamba homoni fulani huingia ndani ya seli za mwili na kuzigusa jeni. Je, homoni za msongo hufanya hivyo ndani ya ubongo pia?

Jaribio lenyewe ukilisimulia ni jepesi. Panya walitolewa tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo kama kofia, ili damu yao isiwe na homoni yao wenyewe. Kisha wakadungwa kortikosteroni, ambayo kwa panya hufanya kazi ya kortisoli yetu, ikiwa imetiwa alama ya mionzi ili ifuatiliwe inakokwenda. Ubongo ukatolewa, ukagawanywa sehemu, kila sehemu ikapimwa. Kwa mawazo ya siku zile, homoni ingejazana kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayoongoza tezi. Haikuwa hivyo. Iliyoing'ang'ania homoni kuliko zote ilikuwa hipokampasi.

McEwen, Jay Weiss na Leslie Schwartz walichapisha matokeo hayo mwaka 1968 katika jarida la Nature. Uzito wake unatokana na kazi ya hipokampasi. Miaka kumi na moja nyuma, dunia ya tiba ilikuwa imesoma habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyekatwa sehemu hiyo pande zote mbili mwaka 1953 ili kutibu kifafa chake. Tangu siku hiyo hakuweza tena kushika kumbukumbu mpya: unamsalimia, unatoka, unarudi, anakusalimia kama mgeni. Kwa hiyo homoni ya msongo ilikuwa ikienda moja kwa moja kwenye ghala la kumbukumbu. Ubongo, ambao watu walizoea kuuona kama bwana anayetoa amri msongo unapokuja, ukaonekana kuwa nao unapokea.

Hapa inabidi tusimame kidogo kwenye neno "kipokezi", kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza.

Kipokezi ni protini ambayo umbo lake linaruhusu kemikali fulani, na hiyo tu au ndugu zake wa karibu, kuishika. Vipokezi vya serotonini, vile vinavyotajwa sana kwenye habari za dawa za sonona, vimekaa kwenye ngozi ya nje ya seli. Vya kortisoli viko ndani. Kortisoli imetengenezwa kwa kolesteroli, ina asili ya mafuta, kwa hiyo hupenya ukuta wa seli bila kubisha hodi. Ikiisha kushikana na kipokezi, viwili hivyo huingia kwenye kiini, vikakaa juu ya jeni, na jeni hizo zikaongeza kazi au zikapunguza. Ndiyo maana athari nyingi za kortisoli huchelewa kuonekana na huchelewa kuondoka. Mshtuko unaoupata bodaboda ikikukosakosa ni kazi ya adrenalini. Kortisoli huja baada ya dakika kadhaa, na yale iliyoyaamuru yanaweza kuendelea saa nyingi baada ya dereva kukuomba radhi na kwenda zake.

Mwaka 1985 Johannes Reul na Ron de Kloet, wakiwa Uholanzi, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vya kortisoli vya aina mbili. Majina yao ya kitaalamu ni marefu: kipokezi cha mineralokotikoidi na kipokezi cha glukokotikoidi. Humu nitaviita cha pupa na cha subira, kwa sababu ndivyo vinavyoishi. Cha pupa huishika homoni kwa nguvu kama mara kumi kuliko mwenzake, kwa hiyo hata usiku wa manane, kortisoli ikiwa chini kabisa, vingi vyake vimeshashiba. Cha subira hungoja. Hushika kazi homoni inapopanda: alfajiri karibu na kuamka, ambapo kwa mtu mwenye afya hupanda kila siku, na wakati wa msongo.

Wamegawana majukumu. Cha pupa kinahusika na namna unavyolipima jambo linapotokea: hili ni hatari au ni kelele tu? Cha subira kinahusika na kumaliza: kuweka funzo kwenye kumbukumbu, kurudisha nguvu zilizotumika, na kuiambia haipothalamasi kwamba yatosha, zima. Hilo la mwisho ndilo kitovu cha makala hii.

Waliojenga nyumba Dar es Salaam au Nairobi wanalijua boya la tangi la maji. Maji yanaingia, boya linapanda, likifika juu linafunga njia. Mkondo wa msongo umejengwa vivyo hivyo. Haipothalamasi hutuma ujumbe wa kikemia kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari hutuma wake kupitia damu hadi adrenali, nazo hutoa kortisoli. Kortisoli hiyo hurudi kichwani, ikavikuta vipokezi vya subira kwenye pituitari, haipothalamasi na hipokampasi, na njia ikafungwa. Tezi zenyewe hazijui lini ziache. Zinaambiwa. Boya likikwama, tangi hufurika hata kama bomba ni zima na maji ni safi.

Boya hilo laweza kujaribiwa kwa mtu aliye hai. Mwaka huohuo wa 1968, huko Melbourne, daktari kijana Bernard Carroll na wenzake waliwapa wagonjwa wa sonona nzito deksamethasoni, dawa inayoigiza kortisoli na kuvishika vipokezi vya subira kwa nguvu. Mtu mwenye afya akiimeza usiku, mwili wake hudhani homoni imejaa tele, na kesho yake kortisoli huwa chini. Kwa wagonjwa wengi wa Carroll haikushuka. Boya lilikuwa linapigiwa kelele na halisikii.

Kipimo hicho kikasisimua watu mpaka kikazidi kiasi. Miaka ya 1980 ilipoanza, wako waliodhani hatimaye sonona imepata kipimo cha damu kama malaria. Matumaini yakafifia. Takriban nusu tu ya wenye sonona kubwa ndio walioshindwa kuzima kortisoli, na walishindwa pia watu waliokonda ghafla, walevi walioacha pombe juzi, na wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Tena deksamethasoni huingia kwenye ubongo kwa shida, kwa kuwa mishipa ya damu ya ubongo ina milango inayoirudisha nje, hivyo kipimo kinasema zaidi habari za pituitari kuliko za hipokampasi. Hata hivyo jambo moja lilibaki wima: kwa wagonjwa wengi kasoro ilikuwa kwenye kusikia. Daktari Florian Holsboer, aliyeongoza Taasisi ya Max Planck ya Saikiatria mjini Munich, alikuja kulijengea hoja kamili kwamba udhaifu wa vipokezi hivi ni sehemu ya chanzo cha sonona, wala si moshi wake tu.

(Deksamethasoni ndiyo ile ile ambayo mjini Kinshasa imekuwa ikimezwa na watu wanaotaka kunenepa. Mashavu wanayapata kweli. Wanachokosa kujua ni kwamba wameliambia boya lifunge, na tezi zikikaa wiki nyingi bila kuambiwa zifanye kazi husinyaa, kiasi kwamba kuacha vidonge ghafla kunaweza kuua.)

Dawa za jamii hii hutupa ushahidi mwingine usiohitaji panya. Mgonjwa wa pumu kali au wa lupasi akipewa prednisoloni kwa dozi kubwa anaweza kukesha akiongea na kupanga miradi mikubwa, au akazama kwenye huzuni asiyoielewa. Uchunguzi mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1972, ulikuta dalili za akili kwa mgonjwa kama 1 kati ya 100 waliokuwa wakitumia miligramu 40 au chini yake za prednisoni kwa siku, lakini kwa waliozidi miligramu 80 ilikuwa 18 kati ya 100. Kabla ya dawa walikuwa salama kichwani. Sipendi hoja kwamba huzuni yote ni kemia, lakini mbele ya takwimu hizo ni vigumu kusema kemia haihusiki.

Sasa ugeuze shilingi. Rachel Yehuda wa New York alipowapima wanajeshi wastaafu na manusura wa mauaji ya Wayahudi waliobaki na majeraha ya akili, wengi wao walikuwa na kortisoli ya chini kuliko kawaida, na kiasi kidogo tu cha deksamethasoni kiliizima homoni hiyo kupita kiasi. Boya lao lilikuwa jepesi mno. Hapo ndipo unga wa kushusha kortisoli unapokosa maana. Mtu aliyepitia vita na kila usiku anaamka akipiga kelele huenda kwenye karatasi ya maabara akasomeka ametulia.

Mmoja wa wanafunzi wa McEwen aliipeleka habari hii mbali na maabara, akaileta kwetu. Robert Sapolsky, mzaliwa wa Brooklyn, alijisomea Kiswahili akiwa bado kijana wa shule, na mwaka 1978 akaanza kufuata kundi la nyani katika eneo la Maasai Mara. Aliendelea kurudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kumpulizia nyani mshale mdogo wa dawa ya usingizi kwa bomba la mdomo, amtoe damu haraka. Anayeona ni rahisi ajaribu: nyani asikuone, asiwe ametoka kupigana wala kujamiiana, wenzake wasiwe wanatazama, na damu itoke kabla mshale wenyewe haujaipandisha homoni unayotaka kuipima.

Alichokikuta ni kwamba pale ngazi za kundi zinapokuwa imara, madume wa chini hukaa na kortisoli ya juu hata siku ambazo hawajaguswa na mtu. Mwaka 1997, akishirikiana na Susan Alberts na Jeanne Altmann kwenye nyani wa Amboseli, alionyesha kwamba wanyonge wa kundi pia walikuwa wagumu kuzimwa na deksamethasoni, kama wagonjwa wa Carroll. Na madume wasio na marafiki, wasiochambuliwa manyoya na wasio na wa kukaa naye, walikuwa na homoni ya juu kuliko waliozungukwa na wenzao. Nyani hana kodi ya nyumba wala mkopo wa simu. Ana mwenzake anayempora kiazi na kumng'ata bila sababu, na kwa maboya yake hilo linatosha.

Kisa chake ninachokipenda zaidi hakikupangwa. Katika miaka ya 1980 madume wakorofi wa kundi moja walizoea kwenda kugombania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, wakapata kifua kikuu kutokana na nyama mbovu, wakafa wote. Waliobaki walikuwa madume wapole na majike. Kundi likatulia, na miaka mingi baadaye, wakati wapole wa mwanzo wameshaondoka na wengine wamehamia kutoka nje, utulivu ulikuwa bado upo. Madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa na alama za msongo zilizoonekana kwa wanyonge wa makundi mengine. Cheo chao kilikuwa kilekile cha chini. Kilichobadilika ni jinsi wakubwa walivyokitumia.

Kenya ilitoa pia ushahidi wa kuogofya. Katika kituo kimoja cha kutafiti jamii ya nyani, tumbili kadhaa walikufa miaka ya katikati ya 1980 wakiwa na vidonda vya tumbo, adrenali zilizovimba na makovu ya kung'atwa. Walikuwa wanyonge waliofungiwa pamoja na wababe, na tumbili aliye ndani ya wavu hana msitu wa kukimbilia. Hideo Uno, Ross Tarara, James Else, Mbaruk Suleman na Sapolsky walipochunguza bongo zao, katika ripoti ya mwaka 1989, waliona seli zilizoharibika kwenye hipokampasi, hasa mahali palipo na vipokezi vingi vya kortisoli.

Kwa ripoti kama hiyo, na kwa hoja ambayo Sapolsky, Lewis Krey na McEwen walikuwa wameitoa mwaka 1986, hadithi ikaanza kusimuliwa kwa urahisi mno. Msongo hupandisha kortisoli, kortisoli huua seli za hipokampasi, hipokampasi iliyopungua hushindwa kufunga njia, kortisoli huzidi kupanda. Duara la balaa. Mpaka leo utasikia mtu akisema "msongo unakula ubongo".

McEwen mwenyewe hakuishia hapo, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa ya kazi yake. Pamoja na Catherine Woolley na Elizabeth Gould, mwaka 1990 alionyesha kwamba panya waliodungwa kortikosteroni majuma matatu hawakuwa wamepoteza seli hizo. Seli zilikuwepo, ila matawi yake, yanayopokea habari kutoka kwa jirani, yalikuwa yamefupishwa. Panya waliobanwa wasijongee saa 6 kwa siku kwa siku 21 walionyesha jambo hilohilo. Msongo ukikoma, matawi huchipua tena katika wiki chache. Kuna wanyama ambao hupogolewa namna hii kila mwaka: panya-hamsta wa Ulaya anapolala usingizi wa baridi, matawi ya hipokampasi yake hujikunja, na akiamka hurudi upesi ajabu. Huenda basi kujikunja ni namna ya seli kujihifadhi wakati wa shida, kama mkulima apunguzaye majani ya mche anaouhamisha.

Si kila sehemu ya ubongo hufuata mkondo huo. Katika amigdala, kiti cha hofu, kundi la Sumantra Chattarji mjini Bangalore lilikuta kinyume chake: msongo wa muda mrefu uliongeza matawi, na hayakurudi nyuma haraka msongo ulipokwisha. Ghala la kumbukumbu linasinyaa, king'ora cha hofu kinanenepa. Ukikaa na mtu mwenye sonona iliyochanganyika na wasiwasi, anayesahau alichotumwa dukani lakini hasahau hata neno moja baya aliloambiwa, picha hiyo itakuingia.

Na kwa binadamu? Hapa nawaomba wasomaji wavumilie, maana ndipo mambo yanapoacha kunyooka. Picha za MRI zimeonyesha mara nyingi kwamba wenye sonona wana hipokampasi ndogo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliokusanya wagonjwa 1,728 na watu wasio na ugonjwa 7,199 kutoka nchi mbalimbali, ulikuta tofauti hiyo ipo, lakini ni ya asilimia 1.24 tu kwa wastani, tena ilionekana kwa waliougua mara kwa mara na si kwa waliougua kwa mara ya kwanza. Hakuna daktari anayeweza kutazama picha yako moja akakuambia una sonona.

Kuna pia mapacha. Mwaka 2002 Mark Gilbertson na wenzake waliwapima wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam pamoja na pacha wao wa kufanana waliobaki nyumbani. Askari wenye majeraha mazito ya akili walikuwa na hipokampasi ndogo, kama ilivyotarajiwa. Ila pacha wao, ambao hawakuisikia hata risasi moja ya vita hivyo, walikuwa nayo ndogo vilevile. Udogo, angalau kwa sehemu, ulikuwapo kabla ya vita. Mtu huenda kwenye balaa akiwa na boya lake alilopewa mapema.

Alipewa na nani? Kwa panya, jibu limefuatiliwa mpaka kwenye ulimi wa mama. Michael Meaney wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, naye aliyewahi kufanya kazi na McEwen, aligundua kwamba mama panya hawafanani: wako wanaowalamba watoto wao sana katika juma la kwanza, na wako wanaowalamba kidogo. Waliolelewa na walambaji walikua na vipokezi vingi vya subira kwenye hipokampasi, na msongo wao ulizimika haraka. Mtoto wa mama anayelamba kidogo akilelewa na mlambaji, hukua kama watoto wa mlezi. Mwaka 2004 Meaney, Ian Weaver na Moshe Szyf walionyesha alama zenyewe: vikonyo vya kikemia viitwavyo methili, vilivyokaa juu ya jeni ya kipokezi na kuinyamazisha kwa watoto wasiolambwa. Mwaka 2009 kundi hilo likachunguza bongo 36 za watu waliokufa, likakuta alama zinazofanana kwa waliojiua ambao utotoni walidhulumiwa, lakini si kwa waliojiua ambao hawakudhulumiwa. Bongo 36 ni chache. Ni kidokezo, na nakishika kama kidokezo.

Munich nako walikuwa wakifuata uzi mwingine. Kipokezi cha subira hakikai peke yake ndani ya seli. Huzungukwa na protini wasaidizi, na mmojawapo, unaoitwa FKBP5, ukikishikilia hukifanya kisisikie vizuri. Kortisoli yenyewe huamuru seli itengeneze FKBP5 zaidi, hivyo kila msongo huacha usikivu umepungua kidogo kwa muda. Kuna watu waliozaliwa na toleo la jeni hiyo linalotengeneza protini hii kwa wingi. Elisabeth Binder, Torsten Klengel na wenzao walieleza mwaka 2013 kwamba wenye toleo hilo, ikiwa walidhulumiwa utotoni, hupoteza zile methili kwenye jeni ya FKBP5, na jeni hubaki kama taa isiyozimika. Wenye toleo hilohilo waliolelewa salama hawakuonyesha hivyo. Jeni peke yake haikutosha, na madhila peke yake hayakuacha alama hiyo.

Basi dawa iko wapi? Hili ni swali la haki baada ya miaka hamsini. Makampuni yalijaribu kuzuia ujumbe wa haipothalamasi, ambao kemikali yake Wylie Vale aliitambua mwaka 1981. Majaribio kwa wagonjwa wa sonona hayakufaulu. Yakajaribu mifepristoni, inayofahamika zaidi kwa kutoa mimba lakini ambayo pia huziba kipokezi cha subira. Kwa wenye sonona iliyofika kwenye kuona na kusikia visivyokuwapo, majaribio makubwa hayakufikia lengo lake kuu. Ukilikumbuka tangi utaona ugumu wake: ukiziba kipokezi umeliziba boya pia, na mwili hujibu kwa kumwaga kortisoli nyingi zaidi. Tena kipokezi hiki kiko karibu kila mahali, kwenye ini, kwenye misuli, kwenye seli za kinga. Huwezi kukigusa kichwani ukaliacha tumbo. Kubwa zaidi, neno sonona limebeba magonjwa mengi chini ya mwavuli mmoja: wa Carroll ambao boya halisikii, na wengine ambao boya lao ni zima kabisa, wote wakawekwa kwenye jaribio moja na kupewa kidonge kimoja.

Mafanikio mapya yalipitia mlango wa pembeni. Ketamini hugusa vipokezi vya glutameti, kemikali ambayo msongo huimwaga kwa wingi kwenye hipokampasi na sehemu ya mbele ya ubongo. Dawa ndugu yake, esketamini, iliruhusiwa Marekani Machi 2019 kwa sonona iliyokataa dawa nyingine, na hutolewa kliniki mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Mwaka huo Conor Liston, mwanafunzi mwingine wa McEwen, alionyesha kwa panya kwamba ketamini huchipusha upya miiba midogo ya matawi iliyopotea kwa msongo, tena wakati mwingine mahali palepale ilipokuwa. Liston huyohuyo mwaka 2009 alikuwa amewapima wanafunzi 20 wa udaktari waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani mkubwa. Baada ya mwezi wa kukesha na vitabu walishindwa kuhamisha mawazo yao kwa wepesi kutoka jambo moja hadi jingine. Baada ya mwezi wa mapumziko, tatizo likawa limekwisha.

McEwen alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 81. Miaka yake ya mwisho aliitumia sana kwenye wazo aliloanza kuliandika na Eliot Stellar mwaka 1993, la mzigo wa kukabiliana: kwamba mwili hulipa kidogokidogo kila unapojirekebisha, na malipo huonekana kwenye shinikizo la damu, sukari, mafuta ya tumbo na usingizi kwa pamoja. Katika mihadhara yake alipenda kutaja utafiti wa wazee 120, uliochapishwa mwaka 2011. Nusu walitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Nusu walinyoosha viungo tu. Hipokampasi za waliotembea zilikua kwa asilimia 2. Za wenzao zilipungua kwa asilimia 1.4.

Iwapo vipokezi vyao navyo viliongezeka, picha zile hazikuonyesha. Hesabu zote za vipokezi nilizozitaja zimetoka kwa panya, kwa maiti, au kwa kubahatisha kupitia damu. Maabara ya mtaani kwako inaweza kupima maji yaliyo kwenye tangi kwa elfu kadhaa na kukupa karatasi yenye muhuri siku hiyohiyo. Boya haijalifikia.